Mambo ya Nyumbani: Nyumba ya Vyumba Vilivyofuatana

Mwezi huu tulikusudia kuandika habari za kuhifadhi maharagwe yasiliwe na wadudu, lakini tumeiweka kando, kwa kuwa imetufikia barua ya mwalimu mmoja wa Kishanda, katika wilaya ya Muleba, nayo yataka majibu upesi. Amepewa muda wa mwezi mmoja tu kusema ndiyo au la. Jina lake hatulitaji, wala la muuzaji. Ila shauri lenyewe twaona si lake peke yake. Wengi wenu mmelipata, au mtalipata siku mtakapotoka katika nyumba za shule na kutafuta pa kukaa penu wenyewe.

Habari ni hii. Mwalimu huyu ana mke, binti wawili, mmoja wa miaka 15 na mwingine 12, na kijana wa miaka 10. Tena mama yake mzazi, ambaye sasa ni mzee na miguu yake imevimba, hana budi kuletwa nyumbani kabla ya mwaka kwisha. Miaka mingi ameweka akiba, na sehemu nyingine atakopa katika chama cha kuweka na kukopa. Ameonyeshwa kibanja chenye migomba na mibuni, na ndani yake nyumba ya tofali za kuchoma iliyoezekwa mabati. Bei yake yaweza kulipika. Kibanja chapendeza. Kasoro ni nyumba.

Nyumba hiyo ina vyumba vinne, vyote vimepangwa katika mstari mmoja kama siafu njiani. Ukiingia mlango wa mbele wafika sebuleni. Toka sebuleni waingia chumba cha pili. Toka cha pili waingia cha tatu. Toka cha tatu waingia cha nne. Na huko mwisho ndiko uliko mlango wa nyuma, unaotokea jikoni na chooni. Njia nyingine ya ndani hakuna. Ndizi zikiiva jikoni, chakula cha mgeni chapita katika vyumba vitatu vya kulala kabla hakijafika mezani, au mama achukue sinia azunguke nje, na mvua ya pande hizi mwaijua. Mwalimu asema, “Nyumba ni kitu cha kuzoea.” Mkewe asema hataingia humo hata akipewa bure.

Kwanza twasema wazi kwamba katika jambo la vyumba mke ana haki. Twaona mwalimu aliitazama nyumba ile mchana, akiwa mgeni, amekaa sebuleni akinywa chai. Nyumba haijulikani hivyo. Na aipitie kwa mawazo usiku mmoja tu. Wazazi wakilala chumba cha pili, basi watoto na bibi yao walio nyuma hawaendi sebuleni ila kwa kupita kitandani pa baba na mama. Wazazi wakilala chumba cha nne, hapo wao ndio wanaopita kwa binti zao, na kila mtu aendaye chooni usiku awapita wao. Bibi akiwekwa chumba cha tatu, ataamka mara tatu usiku na fimbo yake, na kila mara atamwamsha mtu. Binti wa miaka 15 hana mahali pa kubadili nguo pasipo kuuliza kwanza nani yuko mlangoni. Kwa vyovyote utakavyowapanga, alalaye katikati amelala njiani.

Tena kuna siku za ugonjwa. Mtu wa kifua kikuu, kabla dawa hazijafanya kazi, ahitaji chumba chenye dirisha na kisichopitwa na watu. Na iko siku nyingine ambayo hatupendi kuitaja, lakini anunuaye nyumba yampasa aifikiri: siku jeneza litakapotolewa. Tumeona katika nyumba za namna hii watu wakihangaika kugeuza jeneza katika milango mitatu myembamba, na waliofiwa wakitazama.

Hata hivyo tusimcheke aliyejenga. Barua yasema nyumba ilijengwa na baba wa muuzaji, na kila alipouza kahawa vizuri aliongeza chumba kimoja. Mwaka wa kwanza sebule na chumba kimoja. Baadaye cha tatu. Baadaye cha nne. Hivi ndivyo zilivyojengwa nyumba nyingi za Wahaya baada ya kuacha msonge. Msonge, ile nyumba ya mviringo iliyoezekwa nyasi toka kileleni hata karibu na chini, ulikuwa na mlango mmoja, na ndani uligawanywa kwa kuta za matete, na sakafu ilitandikwa nyasi. Humo watu hawakulala njiani, maana katikati palikuwa pa wote, na sehemu za kulala zilikuwa kando. Ulipokuja ujenzi wa pembe nne, mstari ulikuwa rahisi: ukitaka kuongeza, wabomoa mlango katika ukuta wa mwisho na kujenga mbele yake. Fedha ya kahawa huja kwa msimu, na nyumba ikaja kwa msimu vilevile. Mzee yule alipata alichokihitaji kila mwaka. Hakuna mwaka aliokaa akaitazama nyumba nzima.

Wala vyumba vya kufuatana si kosa mahali pote. Huko Lamu, mji ambao UNESCO iliuandika katika urithi wa ulimwengu mwaka 2001, nyumba za mawe za zamani zina vyumba virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine. Wembamba ule ulitokana na boriti za mikoko zilizobeba dari, maana hazikufika mbali, upana wa kama mita tatu hivi basi. Na mfuatano ule ulikuwa na maana: mgeni wa njiani huishia dakani pa mlango, penye viti vya mawe, jamaa husogea zaidi, na chumba cha ndani kabisa ni cha wenyewe. Hapo kuta zenyewe zafundisha nani afike wapi. Lakini nyumba hizo zina kiwanda, yaani ua wa ndani, watu hupata hewa na mwanga. Nyumba ya Kishanda ina mstari wa Lamu bila ua wa Lamu, tena choo na jiko viko ng'ambo ya vyumba vya kulala. Kwa hiyo mtu asije akamwambia mke wa mwalimu kwamba wakubwa wa pwani waliishi hivyo.

Basi swali letu si kama nyumba ni mbaya. Ni mbaya. Swali ni kama ubaya wake uko katika vitu vinavyoweza kuondolewa na fundi, au katika vitu ambavyo fundi hawezi kuvigusa.

Tulipoisoma barua mara ya kwanza tulidhani dawa ni nyepesi: kujenga baraza ndefu nyuma ya nyumba, kuiezeka mabati, na kukipa kila chumba mlango wake wa nje. Nyumba nyingi zimeponywa hivyo. Lakini mwalimu ametuchorea ramani ndogo, naye ameandika kwamba nyuma ya nyumba, kwa hatua mbili au tatu, pana makaburi mawili, ya baba na babu wa muuzaji. Hapo baraza haipiti, wala tusingemshauri mtu ajenge nguzo juu ya kaburi la mtu, liwe la ukoo wake au la wengine. Mbele nako baraza yaweza kujengwa, lakini mbele ni njia ya kijiji, na binti akitoka chumbani atatoka machoni pa wapita njia.

Imebaki dawa ya ndani. Vipimo alivyotuletea ni hivi: nyumba ina upana wa futi 16 kwa ndani, na kila chumba kina urefu wa futi 12. Sasa, chukueni futi 3 na nusu kando ya ukuta wa nyuma, mfanye ushoroba toka sebuleni mpaka chumba cha mwisho. Ukuta mpya utakula nusu futi. Kila chumba cha kulala kitabaki futi 12 kwa 12, nacho chatosha vitanda viwili, sanduku na meza ndogo. Chakula kitatoka jikoni mpaka mezani pasipo kumpita mtu kitandani. Bibi atakwenda chooni na fimbo yake bila kumwamsha mtu. Na kwa bahati njema sana, milango ya ndani ya nyumba hii yote iko upande wa ukuta wa nyuma, katika mstari mmoja. Ingalikuwa katikati ya vyumba, ingebidi kutoboa kuta tatu upya, nasi tungesema waiache.

Kwa nini twaogopa kutoboa? Tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, tetemeko la ardhi la kipimo cha 5.9 liliutikisa mkoa wetu wa Kagera. Watu zaidi ya 15 walikufa, mamia waliumia, na nyumba kwa maelfu ziliharibika au kuanguka. Waliozitazama kuta baadaye waliona jambo ambalo mafundi wazuri walikuwa wakilisema siku zote: ufa huanzia kwenye pembe ya mlango au ya dirisha, hupanda kwa mshazari, na ukuta usio na mkanda wa zege juu yake hufunguka kama kitabu. Ukuta uliokatwa ovyo na asiye fundi, bila lenta imara juu ya uwazi, ni adui aliyelala ndani. Kwa hiyo mwalimu asikubali mlango wowote ukatwe karibu na pembe ya nyumba, na kuta za kukata nyumba asizibomoe, maana huenda ndizo zilizobeba paa. Ukuta wa ushoroba haubebi kitu ila wenyewe, lakini wataka msingi wake mdogo. Usijengwe juu ya sakafu tupu, utazama na kupasuka. Wako watakaomshauri atumie mbao ili apunguze gharama. Mbao ni nyepesi, kweli, lakini mbao zasikia yote na kusema yote, na shida iliyotuletea barua hii ni faragha.

Iko kasoro moja ambayo mwalimu hakuiona, ingawa ameichora kwa mkono wake. Chumba cha tatu kina dirisha moja tu, nalo liko upande wa nyuma. Ushoroba ukipita, dirisha lile litakuwa la ushoroba, na chumba kitakuwa giza mchana kutwa. Lazima litobolewe dirisha jipya upande wa mbele, katikati ya ukuta, na lenta juu yake. Hilo ni tundu moja, si matatu, na fundi hodari alifanya kwa usalama. Liingie katika hesabu.

Hesabu yenyewe mwalimu anaweza kuianza mwenyewe. Vyumba vitatu vya futi 12 ni futi 36 za ukuta. Kwenda juu futi 8 ni futi za mraba 288. Toa milango mitatu mipya ya futi 3 kwa 7, yaani futi za mraba 63. Zabaki 225 za kujenga na kupiga lipu pande mbili. Ongeza msingi, milango na miimo yake, dirisha moja, na ujira. Ampe fundi mwashi asiye jamaa ya muuzaji aandike bei ya kila kitu. Jumla ile ndiyo atakayokwenda nayo kwa muuzaji, na kumwambia kwamba mtu hanunui nyumba aliyotaka kuuziwa, anunua hii iliyopo. Twaona ni haki bei ishuke kwa jumla hiyo, tena na kidogo zaidi, kwa kuwa familia itakaa katika vumbi na kelele miezi miwili.

Kuna wenzetu watakaosema, kwa nini taabu yote hii? Abomoe, au atafute kiwanja kitupu ajenge apendavyo. Wanasahau kwamba huku kwetu mtu hanunui kuta peke yake. Udongo wa kibanja si udongo wa rweya. Umetengenezwa na watu, kwa samadi ya ng'ombe na nyasi zilizotandazwa, mwaka baada ya mwaka, mikono ya baba na ya babu. Ukuta wa futi 36 wajengwa kwa majuma machache; kibanja chenye rutuba hakijengwi katika maisha ya mtu mmoja. Hapo mwalimu naye ana haki yake, nasi twampa. Ila akitazame kibanja kwa macho makali kama mkewe alivyoitazama nyumba. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba uliingia mkoa wa Kagera mwaka 2006 na kuwatia wengi njaa. Asiridhike na migomba iliyo karibu na njia. Aende ndani kabisa, atazame kama majani yamelegea na kuwa manjano wakati wa mvua, na kama mkungu waiva kabla ya wakati wake. Akate ndizi moja aone kama ndani ni nyekundu kama kutu. Akiona hivyo, maneno ya ushoroba na yaishe.

Sasa twaja kwenye yale makaburi, ambayo kwetu ni mazito kuliko vyumba. Makaburi yasema kwamba shamba hili ni la ukoo. Muuzaji aweza kuwa mtu mwema kabisa, na bado asiwe na mamlaka ya kuuza peke yake. Kesi iliyojulikana Tanzania nzima ilitoka katika wilaya yetu hii. Mwezi wa Agosti 1988 mwanamke mzee aliuza shamba la ukoo, aliloachiwa na baba yake kwa wosia, kwa shilingi 300,000, kwa mtu asiye wa ukoo. Kesho yake mtoto wa ndugu yake alifungua kesi katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akidai kwamba kwa mila ya Wahaya mwanamke hana ruhusa kuuza shamba la ukoo. Mahakama ile ikayafuta mauzo. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikampa haki mwanamke. Mwisho, Februari 1990, katika Mahakama Kuu ya Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mila inayomnyima mwanamke haki aliyo nayo mwanamume yapingana na Katiba, na mwanamke aweza kuuza kama mwanamume auzavyo. Wengi hukumbuka neno hilo, na ni neno jema. Lakini anunuaye na akumbuke la pili: jaji alimwachia yule wa ukoo miezi sita kulikomboa shamba kwa kurudisha shilingi zile 300,000.

Fikirini mnunuzi amekwisha kujenga ushoroba, ametoboa dirisha, amemhamisha mama yake, ndipo aje mtu wa ukoo na bei ya kwanza mkononi! Kwa hiyo kabla ya kumwita fundi, mwalimu aombe kikao cha ukoo wa muuzaji: ndugu zake wa kiume na wa kike, na hasa wale wakaao mbali, Mwanza au Dar es Salaam, maana hao ndio hurudi baadaye na maneno. Kila mmoja aandike kwamba amekubali kuuzwa. Mke wa muuzaji naye atie sahihi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume au mke auze nyumba ya ndoa pasipo idhini ya mwenzake. Na halmashauri ya kijiji ijulishwe na kukubali, kama Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 itakavyo.

Kikaoni humo waulizwe pia habari za makaburi yale mawili. Je, wenyewe watakuja kuyafagia na kufanya kumbukumbu? Watapita wapi? Njia yao iandikwe katika mkataba, ukubwa wa hatua na upande. Jambo hili likiachwa katika maneno ya mdomo, mwalimu atauona mlango wake wa nyuma ukifunguliwa na watu asiowajua kila wapendapo, na mkewe atakuwa amehama toka nyumba ya njia ya ndani kwenda nyumba ya njia ya nje.

Basi jibu letu kwa mwalimu ni hili. Asiseme ndiyo wiki hii. Aende tena Jumamosi, mvua ikinyesha ni bora zaidi, naye afuatane na mkewe, na fundi, na mama yake mzazi kama aweza kutembea. Mama wa nyumba abebe kitu mikononi toka jikoni mpaka sebuleni. Bibi aketi katika chumba atakachopewa. Ukoo wakikubali wote kwa maandishi, na fundi akisema kuta ni nzima na ushoroba wapita, na bei ikashuka, wanunue, na kazi ya kwanza iwe ushoroba, kabla ya kuhamisha hata kiti kimoja; maana tunawajua walioahidi kujenga baadaye, na binti zao wameolewa toka katika chumba cha njiani. Mtu mmoja wa ukoo akikataa, wairudishe barua ya muuzaji kwa heshima na kutafuta pengine, hata bei ikishuka nusu. Na mke akiisha kuuona ushoroba umechorwa kwa chaki sakafuni, akasema bado hataki, twamwomba mwalimu asimshinde kwa hoja zetu. Yeye ndiye atakayekaa humo mchana kutwa mwalimu akiwa darasani.

Limebaki neno dogo la kahawa. Barua yasema mibuni imezaa sana mwaka huu, na muuzaji amekwisha kuanika mavuno ya kwanza uani. Iandikwe mapema kahawa iliyo mitini ni ya nani, na kama ni ya muuzaji, atamaliza kuichuma siku gani.